Karatasi inabanduka kwenye bodi za jipsamu, nakosea kemikali gani?

kijana_wa_Same: Wakuu habari. Niko Same huku, jasi (jipsamu) ya Makanya si mbali, nikaona nijaribu bodi mwenyewe kidogo kidogo kabla sijakopa hela ya mashine. Nakoroga plasta (unga wa jasi iliyochomwa), maji na povu la sabuni namimina katikati ya karatasi mbili. Ikiwa mbichi inashika vizuri kabisa ila ikitoka kwenye oveni nikivuta kona karatasi yote inakuja kama ganda la ndizi, nyuma vumbi jeupe tupu. Nimetia gundi ya mbao bado. Viwandani wanaweka nini?

bodaboda_mstaafu: Karatasi feki hiyo mkuu badilisha

plasta_mzee: Karatasi haina kosa, angalia hilo vumbi. Umekausha kupitiliza, jasi ya juu imepoteza hadi yale maji ya ndani ya fuwele zake (zile chembe zinazoshikana ikiganda) ikarudi unga. Viwandani wanaweka wanga, kama gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya plasta. Bodi ikikauka maji yanakimbilia nje kwenye karatasi na wanga unafuata, unajikusanya pale pale jasi inapokutana na karatasi, unazilinda fuwele zisiungue. Gundi yako haifiki huko.

kijana_wa_Same: Kwahiyo unga wa muhogo unatosha??

plasta_mzee: Huo una makapi, na hata wanga wake ukipata moto unakuwa uji mzito hausafiri. Tafuta wanga uliolainishwa kwa asidi. Halafu punguza maji, plasta kilo 100 ili igande inahitaji maji kilo 18.6 tu, yote ya juu ya hapo ni ya kuifanya imiminike na ni wewe utakayelipia kuni za kuyakausha. Ile dawa ya zege ya kupunguza maji inasaidia hata huku.

fundi_konisi: Naongezea, ukiona inaganda kabla hujamaliza kumimina usikimbilie kutia asidi ya ndimu ya kuichelewesha, kwanza angalia karai. Mabaki ya jana ni mbegu, fuwele mpya zinaota juu yake. Viwandani wanasaga jasi laini wanaitia makusudi ili igande haraka, wewe unaitia bila kujua

kijana_wa_Same: Aisee karai langu lina ukoko wa wiki nzima 😂 ndo maana jana mwiko umegandia humo. Nalikwangua saivi