Pulingi kurudi nyuma: tela linajikunja kabla ya kufika getini

Mgeni_wa_Pongwe
Habarini wakuu. Semi, ile ambayo pua ya tela imelalia juu ya gari la mbele, narudisha bila shida, ila sasa nimekabidhiwa pulingi. Gari la mbele lina bodi, nyuma kuna tela la ekseli tatu, na ile ekseli ya mbele imekaa kwenye sahani inayozunguka pamoja na drobaa, ule mkono wa chuma unaounga tela na gari. Tunapakia saruji Pongwe, tunashusha kwenye ghala hapa Tanga mjini ambalo lazima uingie kinyumenyume, geti liko mkono wa kulia. Nikikata usukani kama wa semi, mkia unaelekea upande mwingine kabisa, na ndani ya mita tatu drobaa imeshajikunja. Nakosea wapi? Na wanaovuta matela mawili au matatu wanarudije?

DrobaaNdefu
Karibu mkuu. Semi ina kiungo kimoja, pale kwenye kingpini, pini ya tela inayokaa juu ya gari la mbele. Ukikata kulia, tako la gari linakwenda kulia, linasukuma pua ya tela kulia, mkia unatokea kushoto. Hicho ndicho kinyume ulichokizoea. Pulingi ina viungo viwili: ndoano inayoshika jicho la drobaa, na sahani ya tela. Kinyume kinapinduliwa mara ya pili, kwa hiyo ukikata kulia mkia nao unaanza kwenda kulia, kama gari tupu lisilo na tela.

Ugumu uko kwenye hilo neno "unaanza". Kwa geti la kulia, mikato ni mitatu. Wa kwanza kulia, robo mzunguko tu: drobaa inapinda, ekseli ya mbele ya tela inasukumwa kushoto, mkia unaanza kuchungulia geti. Hapo usingoje. Mkato wa pili ni kushoto, tena mwingi, mpaka drobaa inyooke na kupita ipinde upande wa pili. Wa tatu unarudi kulia polepole, gari zima likifuata mkia kwenye upinde mmoja. Anayeganda kwenye mkato wa kwanza ndiye anayejikunja, maana wakati wa kurudi nyuma kona ya drobaa haijinyooshi yenyewe, inazidi kukua.

Macho yako yawe kwenye magurudumu ya mbele ya tela. Mkia unachelewa kujibu. Ukiuona umekosea, drobaa imekosea zamani. Funga kitambaa cheupe katikati ya drobaa, kitaonekana kwenye kioo mara tu kona inapoanza.

Kiberenge_TZ
Naongezea la mikono. Kwenye semi wengi wanafundishwa kushika usukani chini kabisa, katikati, na kupeleka mkono kule unakotaka mkia uende. Kwenye pulingi huo mkono uhamishie juu, vinginevyo utajichanganya mwenyewe.

Gia iwe rivasi nzito, mguu nje ya mafuta, injini isukume kwa sailensa yake, yaani mzunguko wake wa chini. Ukikanyaga mafuta, kona inakua kuliko unavyoweza kuzungusha usukani. Drobaa ikikaribia nusu ya kona ya mraba, simama hapohapo. Vuta mbele urefu wa tela moja na zaidi mpaka vyote vinyooke, anza upya. Kuvuta mbele si aibu. Ukilazimisha, bodi inakutana na drobaa, mipira ya upepo inakatika, drobaa inapinda au boliti za sahani zinalegea. Hizo boliti huzioni siku hiyo, utaziona ukiwa na mzigo kwenye mashimo.

Utingo_Hodari
Matela mengine yana pini ya kufunga sahani isizunguke. Ukiifunga unabaki na kiungo kimoja, unarudisha kama semi. Kwa nini msimwambie hilo kwanza?

DrobaaNdefu
Kwa sababu ni dawa ya kurudi moja kwa moja, mita chache, kwenye sakafu tambarare. Kwenye kona matairi ya mbele ya tela yanaburuzwa kwa ubavu, na kwa tela lililojaa saruji hayo ni matairi ya kutupa. Halafu dereva akisahau kuitoa, kona ya kwanza barabarani drobaa inabeba nguvu ambayo haikutengenezewa. Anayeitumia aning'inize kitambaa chekundu kwenye usukani mpaka pini itoke.

Kiberenge_TZ
Kuhusu matela mawili na matatu: kila tela la drobaa linaongeza viungo viwili. Zile treni za barabarani za Australia, ambazo sheria inaziruhusu kufika mita 53.5, semi tatu zilizounganishwa kwa doli, vile vigari vya ekseli vinavyobeba pua ya tela la nyuma, zina viungo vitano. Kurudisha hatua chache kunyoosha inawezekana, kuingiza kwenye geti ni kujitafutia kesi, kwa hiyo wanatenganisha. Na trekta za mashamba ya mkonge huku Muheza na Korogwe zikivuta matela mawili, fanya hivyohivyo: zunguka na mzigo, au fungua la nyuma.

Ukitenganisha: tela kwenye ardhi ngumu, breki ya kuegesha, vigingi mbele na nyuma ya tairi. Mpira mwekundu wa upepo ng'oa kwanza, wa njano ufuate. Kuunga ni kinyume chake, wa njano kwanza, kwa sababu mwekundu ndio unaoachia breki za tela. Upepo unavuja, kwa hiyo usiamini breki peke yake bila vigingi.

Mgeni_wa_Pongwe
Nimewaelewa, asanteni. Mazoezi nianzie wapi? Na utingo asimame wapi?

DrobaaNdefu
Uwanja mtupu, tela tupu. Panga matairi mabovu mistari miwili, nafasi ya mita 4, urefu mita 30. Wiki ya kwanza nyoosha tu, usiguse kona. Usukani mkato mdogo, rudisha mapema, mkato mdogo, rudisha mapema. Ukiweza kutoka upande wa pili bila kugusa tairi mara tano mfululizo, ndiyo uanze kona ya kulia. Ya kushoto baadaye kabisa, maana usukani wetu uko kulia na kioo cha kushoto kinapoteza tela mapema.

Utingo awe mmoja, asimame nyuma upande wako, aonekane kwenye kioo cha kulia muda wote. Akipotea kiooni, breki, hata kama anapiga mluzi. Asipite kati ya gari na tela injini ikiwa inawaka. Na mitaa ya Ngamiani usiingie na pulingi nzima, acha tela nje ya mji uingie na gari la mbele.