Tupeane uzoefu: gharama za kukata mti mkubwa nyumbani

Wadau, mwembe uko mita 3 kutoka ukutani, matawi yamelalia bati, waya wa umeme unapita kando. Mafundi wawili wametaja bei, mmoja mara tatu ya mwenzake. Tofauti inatoka wapi?

Kambangumu: Waulize bei ina nini ndani. Mti wa uwanjani unaangushwa mzima. Huo wako hauna pa kulala, utashushwa kipande kwa kipande: mmoja juu, kamba imepitishwa kwenye panda, wawili chini wanalegeza taratibu. Unalipia watu watatu siku nzima. Wa bei ndogo pengine ana panga, ngazi na dua.

Pima shina mwenyewe kwa futi kamba, usawa wa kifua. Mzunguko wa sm 157 ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha sm 50. Chensoo yenye upanga wa inchi 18 (kama sm 46) haivuki hapo, lazima iingie pande zote mbili.

Chensoo: Muulize pia anakataje tawi zito. Akianzia juu tu, linachanika na gamba lake hadi shinani, kisha linabembea kuja kwenye bati. Anaanza chini, robo ya unene (akizidisha, msumeno unabanwa), halafu anamalizia juu, sentimita chache nje ya mkato wa chini, kuelekea ncha ya tawi. Na asipande mtu kabla TANESCO (shirika la umeme) hawajazima laini. Tawi bichi linapitisha umeme.

Kirikuu: Hapo kwenye kuzoa ndipo watu wanapoliwa. Matawi yakirushwa ovyo, gari linajaa hewa. Yakatwe mita 1, vitako (ncha nene) upande mmoja. Shina muuzie mwenye kuni, lakini kibali cha kusafirisha magogo kiwe juu yake.

Kambangumu: Kisiki kina bei yake. Kama kitang'olewa, waache shina la mita 1 hadi 1.5 wafunge winchi (mashine ya kuvuta) hapo juu. Wakishakata usawa wa ardhi, limebaki sururu.

Mwarobaini: Kama kinabaki, kitachipua. Paka glaifoseti (dawa ya kuua magugu) pale pale mti unapokatwa, kwenye pete iliyo chini tu ya gamba; katikati ni kupoteza dawa, na ukingoja kesho kisiki hakiinywi. Chumvi ya kumwaga ndoo nzima achaneni nayo. Mita 3 kutoka msingi, itakula nondo.