Ukiambiwa uchague kimoja msimu huu: ubingwa wa ligi au kombe la Afrika?

MnyamaWaUkonga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Agosti hii ya 2025 CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, inaelekea ukingoni, Taifa Stars wetu wameshatolewa na Morocco, na akili zote sasa zinarudi kwenye klabu. Nina swali linaninyima usingizi tangu Juni. Naomba tulipime kwa utulivu, Simba kwa Yanga.

Msimu uliopita sisi wa Msimbazi, yaani Simba, tulitaka vyote viwili, tukavikosa vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Mei 25 Berkane ya Morocco walichukua Kombe la Shirikisho la Afrika mbele ya macho yetu pale Amaan, Zanzibar. Juni 25 tukaingia dabi tukiwa na pointi 78 na Yanga 79. Ushindi ungetupa ubingwa. Tukafungwa 2-0, ubingwa wa nne mfululizo ukaenda Jangwani kwa Yanga.

Kijana wangu yuko darasa la kwanza. Tangu apate akili ya kufuatilia mpira hajaiona Simba ikiwa bingwa wa ligi. Asubuhi baada ya dabi alivua jezi aliyolala nayo, akaikunja vizuri, akaniletea: "Baba, iweke mpaka tuchukue." Iko kabatini hadi leo.

Matumaini ninayo. Kocha Fadlu anaanza msimu wa pili, tumempata mshambuliaji Sowah kutoka Singida, na timu iliyofika fainali haijavunjwa yote. Hofu pia ninayo. Beki Tshabalala, aliyetuchezea kwa miaka 11 na kuwa nahodha wetu, sasa atavaa kijani cha Yanga. Upande wa kushoto nikiutazama naona pengo.

Ukiambiwa uchague kimoja tu, unachukua ligi au Afrika? Mimi naanza: Afrika. Ligi tunazo nyingi, kombe la Afrika hatuna hata moja.

BintiForodhani

Mie nilikuwepo Amaan siku ile, kwa hiyo nisameheni nikiandika kwa uchungu.

Tulitangulia dakika ya 17, Mutale. Uwanja ulitikisika, na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alivua kofia yake akaibana kifuani, hakuivaa tena mpaka mwisho. Tukaingia kipindi cha pili tukiwa tunahitaji bao moja tu kusawazisha jumla. Mara Kagoma akala kadi nyekundu. Tukiwa kumi, Mukwala akafunga. Watu wakakumbatiana na wasiowajua. VAR ikalikataa. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, mzee wangu akainuka akatoka taratibu, kofia bado mkononi.

Lakini kombe halikupotea Unguja. Lilipotea Berkane kwenye mechi ya kwanza, dakika 14 za mwanzo, walipotupiga mbili kabla hatujajua tuko wapi. Fainali ya Afrika hukuadhibu kwa robo saa moja ya woga, na dawa ya woga ule ni kurudi tena na tena mpaka uzoee. Kwa hiyo nami nasema Afrika. Mechi ikiletwa tena kwetu nitakuwepo.

MwananchiHalisi

Watani, poleni, na naandika kwa moyo safi.

Sisi Yanga yalitukuta 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho. USM Alger ya Algeria walitufunga 2-1 kwa Mkapa, Dar. Mayele alisawazisha dakika za lala salama, na kabla hatujamaliza kushangilia wakatufunga la pili. Tukaenda Algiers tukashinda 1-0, penalti ya Djuma. Jumla 2-2, kombe likabaki kwao kwa bao la ugenini. Mwaka huohuo tulichukua ligi. Ukiniuliza leo nilijisikiaje siku tuliyopewa kombe la ligi, sikumbuki. Siku ya Algiers naikumbuka hadi sufuria iliyokuwa jikoni.

Kwa hiyo hata mimi mwenye ligi nne mfululizo nachagua Afrika.

Msidhani huku kwetu tumelala usingizi mnono. Msimu uliopita tulipita kwa makocha watatu: Gamondi, Ramovic, Hamdi. Sasa anaingia wa nne, Folz. Aziz Ki ameshakwenda Wydad. Pacome yupo, Mzize yupo, na Tshabalala mmetuletea wenyewe, ila kila kocha mpya anakuja na mpira wake na wachezaji wanaanza upya kuelewana. Naogopa Septemba kuliko ninavyoogopa Mei.

KibandaNansio

Wakuu, naomba nipinge, na nitarefusha kidogo.

Nina kibanda umiza hapa Ukerewe. Benchi kumi na mbili, jenereta, king'amuzi kimoja. Najua mpira unavyoishi kwa watu wasioweza kufika Dar.

Mechi za Afrika ni chache. Ukifika hata fainali, nyumbani utacheza mara saba, nane. Ligi ni mechi 30. Inaanza kabla ya vuli, inapita masika, inakwenda mpaka watoto wanafunga shule. Simba ikiwa kwenye mbio za ubingwa, kibanda kinajaa hata Jumatano jioni tukicheza na timu ya mkiani. Wavuvi wanapanga zamu za kwenda ziwani kwa kuangalia ratiba. Ikishajulikana kwamba ubingwa umekwenda, unabaki na watu sita, wanne wao wamekuja kuchaji simu.

Halafu tuangalie hesabu, maana humu tunaongea kama vile ligi tuliipoteza kwa bahati mbaya. Tulimaliza na pointi 78: tulishinda 25, sare tatu, tulipoteza mbili. Zile mbili zote ni Yanga. Zile sare ni Coastal Union 2-2 baada ya kuongoza mbili bila, Fountain Gate 1-1 kule Babati, na Azam 2-2. Yanga walimaliza na 82, wakiwa wamefungwa na Azam na Tabora United na kutoka suluhu na JKT. Yaani wao walidondosha pointi nane kwa wengine, sisi sita. Tuliwazidi kwa timu nyingine zote! Ubingwa waliupata kwetu, ana kwa ana.

Kwa hiyo ligi haiko mbali kama tunavyoililia. Iko kwenye mechi mbili za dabi na dakika ishirini za uzembe na Coastal. Kocha amebaki, mwenye kuyajua hayo. Tukiiacha ligi kwa sababu eti macho yako Afrika, tutakuwa tunaacha kitu kilicho jirani kabisa.

Na Afrika ya msimu huu si Shirikisho tena. Ni Ligi ya Mabingwa. Huko kuna Pyramids waliobeba mwaka huu, kuna Sundowns, kuna Al Ahly. Naitaka sana. Ila kwa mwaka huu mmoja, mimi ni ligi.

KogaloKisumu

Habari ndugu zangu wa Tanzania. Kutoka huku Kenya naomba nichangie kidogo tu.

Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Tulitoka 2-2 na Esperance kule Tunis, halafu 1-1 hapa Nairobi, tukabeba kwa bao la ugenini, lile lile lililowaumiza Yanga. Mimi nilizaliwa baadaye. Lakini babangu hunihesabia kikosi kile hadi leo. Tumeshinda ligi zaidi ya ishirini, na ukimuuliza ni nani alikuwa kipa mwaka fulani wa ligi, hufikiria kwanza.

Tangu 1987 hatujaonja fainali nyingine ya Afrika. Mkiwa karibu hivi msiache. Nafasi hairudi kwa sababu tu mmeisubiri.

MzeeWaTandika

Wanangu, shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Mwaka 1993 nilikuwa kijana, Uwanja wa Taifa ule wa zamani. Simba tumetoka sare 0-0 Abidjan na Stella, fainali ya Kombe la CAF, na marudiano ni kwetu. Tangu asubuhi watu walikuwa wanasherehekea. Tulifungwa 2-0. Kilichonibaki ni kurudi nyumbani kwa miguu. Kutoka uwanjani mpaka Tandika njia nzima imejaa watu, na unasikia viatu tu. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyelaumu. Nyumbani marehemu mama alinitazama, akanipakulia ugali bila kuniuliza matokeo.

Tukaambiana mwakani tutarudi. Tumerudi fainali ya Afrika 2025. Hiyo ni miaka 32.

Huyo ndugu wa Kisumu amesema kweli. Kibanda Nansio hesabu zako nimezikubali, na ningekuwa na umri wako labda ningesubiri. Mimi nachagua Afrika.

SaidMuscat

Afrika. Niko Muscat, kazini tuna Wamisri watatu. Wanaijua Simba kwa sababu tuliwafunga Al Ahly kwa Mkapa, Kagere 2019, Luis 2021. Ubingwa wa ligi yetu hawajui hata nani anao.

KibandaNansio

Said, Wamisri hao hawatakaa na wewe kwenye benchi mechi thelathini. Nasema kwa heshima.

BintiForodhani

Kaka Nansio, hapo kwenye dabi umenigusa. Kupoteza mara mbili kwa mtu yule yule ndani ya msimu mmoja ni jambo la kichwani. Oktoba ile tulijifunga wenyewe, Juni tukaingia tukiwa tumechoka na maneno ya mechi kuahirishwa Machi. Naona hata fainali ya Berkane ina ugonjwa huohuo: mechi kubwa ikianza tunachelewa kuamka. Ukiutibu huo unapata ligi na unapata Afrika. Usipoutibu, kuchagua hakusaidii.

Tukianza na Gaborone United mwezi ujao nitaangalia robo saa ya kwanza tu. Hapo nitajua.

MwananchiHalisi

Dada umesema. Na sisi tunaanza na Wiliete ya Angola, timu isiyojulikana sana, ndiyo zinazoumiza hizo. Kuhusu pesa ambazo hakuna aliyezitaja: bingwa wa Ligi ya Mabingwa anapata dola milioni 4, na ukiingia makundi tu una dola 700,000 hata ukishika mkia. Kwa klabu zetu hilo ni dirisha zima la usajili. Sasa kwa kuwa wa kwanza na wa pili wote wanakwenda Ligi ya Mabingwa, mtani, ukishika nafasi ya pili tena hujakosa mlango.

KibandaNansio

Mtani, hayo maneno ya "nafasi ya pili inatosha" ndiyo yaliyotufikisha miaka minne. Siyataki kwenye klabu yangu.

MnyamaWaUkonga (mleta mada)

Wakuu nimesoma yote, nimesoma ya Mzee wa Tandika mara mbili. Shikamoo mzee wangu.

Nilikuja hapa nikiwa na jibu la Afrika. Zile hesabu za Nansio zimenisumbua tangu jana. Nimezirudia kwa kalamu: kweli, sare tatu zile zingekuwa ushindi tungekuwa na 84. Nilikuwa naamini tumezidiwa na Yanga kwa mbali, kumbe nilikuwa naibeba ligi kama kitu kilichokwisha, na nimemfundisha mtoto hivyo hivyo bila kujua.

Nabadilisha kura yangu. Ligi. Mzee anisamehe.

Leo nimeitoa ile jezi kabatini nimpimie kijana, imembana mabega. Nimemwambia siku ya mechi na Pamba pale Kirumba tutakwenda Mwanza kwa bibi yake, na yeye atachagua avae ipi. Nansio, ukivuka na meli siku hiyo nijulishe, tukae pamoja.

KibandaNansio

Navuka. Ratiba ikitoka tu, mwenye nayo aibandike hapa.