Kiuno: kupanua njia ya mishipa tu, au na kuunganisha pingili?

Chumbageni: Wakuu, mgonjwa ana miaka 63, yuko hapa Tanga. Majibu ya MRI (picha ya sumaku): pingili ya nne ya kiuno (L4) imeteleza kidogo juu ya ya tano (L5), njia ya mishipa ya fahamu imebana. Mazoezi ya fiziotherapia kafanya miezi minne, wapi. Kaambiwa achague: kupanuliwa njia tu, au na kuunganishwa pingili kwa vyuma.

Raskazone: Kinachomsumbua ni kiuno au miguu? Akitembea miguu ikafa ganzi, lakini juu ya baiskeli anamaliza Ngamiani yote bila shida (mgongo umeinama, njia inapanuka), hiyo ni mishipa kubanwa. Wengi wa namna hiyo kupanua kunawatosha: unatolewa mfupa wa nyuma na kano iliyonenepa, basi. Kama ni kiuno kitupu, miguu mizima, kupanua hakutamsaidia, na hata vyuma ni bahati nasibu.

Pongwe: Umeruka kipimo. MRI mtu hulala, pingili huweza kurudi mahali pake. Apigwe eksirei amesimama, moja ameinama, nyingine amejivuta nyuma. Pingili ikicheza sana, daktari ataelemea kuunganisha. Ila mtelezo peke yake si sababu: utafiti wa Norwei uliotoka 2021, wagonjwa 267 wenye mtelezo, baada ya miaka 2 waliopanuliwa tu hawakuwa nyuma ya waliounganishwa.

Sahare: Na vyuma si tiba jamani! Pingili mbili hufungwa skrubu 4 na fito 2, mara nyingi na kikasha katikati, kushikilia tu mpaka mfupa uliopandikizwa uote: miezi 6 hadi 12. Usiposhika, skrubu hulegea au kukatika. Sigara ndiyo mharibifu mkuu, ugoro nao una nikotini ileile. Sukari ishushwe kabla. Ukishika vizuri, pingili za jirani ndizo zinazobeba mzigo, nazo huweza kuchakaa baadaye.

Chumbageni: Akirudi nyumbani?

Sahare: Wiki 6 za mwanzo asinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5, ndoo ya lita 20 aisahau. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti. Mbuzi ya nazi akalie mwingine. Kutembea ruksa, tena kila siku.

Raskazone: Mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikiingia sehemu za siri na makalioni, habari ya kuchagua imekwisha. Hospitali ya Bombo, usiku huohuo.