Naombeni ushauri, kompresa inazima yenyewe

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu. Niko Shinyanga siku ya tano sasa, ofisi ilinituma toka Dar kutengeneza kompresa ya skrubu (mashine ya kushindilia hewa) kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kila joto likifika nyuzi 105 inazima. Nimebadilisha oili na filta, nimepuliza rejeta (vumbi la pamba lilikuwa limejaa balaa), feni inazunguka vizuri, ila baada ya dakika 40 hivi inakata tena na mteja kanisimamia hapo hapo mpaka nachanganyikiwa. Nahisi thamostati ya oili (vali inayopeleka oili kwenye rejeta ikipata moto) imeganda ila spea mpaka itoke Dar.

Je, naweza kuipima kwa kuichemsha kwenye maji? Na nikiitoa kwa muda, oili si itarudi bila kupita kwenye rejeta?