Naomba ushauri: mhusika wangu ana bastola ambayo ilikuwa haijatengenezwa

Mleta mada

Habari za jioni, wanajamvi. Ninaandika mswada wa filamu ya kauboi ambayo kisa chake kinatokea mwaka 1868 huko Abilene, Kansas, mji ambako ng'ombe walioswagwa kutoka Texas walipakiwa kwenye treni. Stelingi ni Mmarekani mweusi aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, na sasa anamtafuta dada yake aliyeuzwa utumwani. Nilimpa Colt ile inayoitwa Peacemaker, kisha nikasoma kwamba ilianza kutengenezwa mwaka 1873. Nikikisogeza kisa hadi mwaka 1874, naona msako unapoa, maana itakuwa vigumu kueleza kwa nini amekaa miaka tisa ndipo aanze kumtafuta ndugu yake. Rafiki yangu anasema niache ilivyo kwa kuwa watazamaji hawajali. Naomba pia mnikosoe kuhusu tukio la baa, ambamo stelingi anafyatua risasi kumi na moja mfululizo na adui anarushwa hadi anavunja dirisha.

Fundi Gobori

Mkuu, mwaka usiuguse, badilisha bastola. Mimi ni mmoja wa hao watazamaji wanaojali, na huwa nawasumbua wote ninaokaa nao.

Mpe Colt ya mwaka 1860, ambayo jeshi la Kaskazini liliitumia kwa wingi. Ina matundu sita na hujazwa kwa mbele kama gobori: unamimina baruti katika tundu, unaweka risasi ya duara, unaishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kisha unapachika fataki nyuma ya kila tundu. Hata mzoefu wa kazi hiyo atatumia dakika kadhaa, na hakuna adui atakayemsubiri. Kwa hiyo aliyetarajia shari alijihami kwa kubeba bastola ya pili iliyokwisha kujazwa. Risasi zako kumi na moja zinawezekana kwa bastola mbili, ilimradi mtazamaji awe ameiona hiyo ya pili mapema.

Silaha hiyo itakupa mengi ya kuandika. Ng'ombe wa Texas walivushwa mito, ukiwemo Mto Red, na baruti iliyolowa hailipuki. Tuoneshe stelingi akipaka mafuta mazito kwenye mdomo wa kila tundu kabla ya kuvuka, halafu siku moja akose nafasi ya kufanya hivyo. Tena kipande cha fataki iliyokwisha kulipuka huweza kudondokea ndani ya mtambo, bastola ikakataa kukokiwa wakati ule inapohitajika.

Adui mpe bunduki ya Winchester ya mwaka 1866, ambayo hutumia risasi zenye ganda la shaba zinazoingizwa kwa ubavuni. Bastola za risasi za aina hiyo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Smith & Wesson, iliyoshikilia haki ya pekee ya kutumia hataza (ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi) ya silinda yenye matundu yaliyotoboka mbele hadi nyuma, na haki hiyo iliisha mwaka 1869. Ndiyo sababu kampuni ya Colt ilichelewa kutengeneza Peacemaker, ambayo nayo hutumia risasi zenye ganda.

Msomaji wa Magharibi

Nakubaliana na Fundi kuhusu bastola, lakini hoja ya msako kupoa si sahihi. Watu waliotoka utumwani waliendelea kwa miongo kadhaa kuweka matangazo magazetini wakiwatafuta wazazi, watoto na ndugu waliouzwa, kwa hiyo miaka tisa haikuwa kitu.

Sababu ya kubaki na 1868 ni mji wenyewe. Abilene ilipata hadhi rasmi ya mji mwaka 1869, na mwaka 1870 ndipo ilipomwajiri Tom Smith, mkuu wa usalama aliyesimamia marufuku ya kubeba silaha mjini. Kisa chako kinatangulia hayo yote, kwa hiyo kama umeweka sherifu anayewanyang'anya watu bastola mlangoni mwa baa, mwondoe. Ukienda 1874 hali inakuwa mbaya zaidi, kwani biashara ya ng'ombe ilikwisha kuihama Abilene baada ya msimu wa 1871.

Kuhusu kauboi mweusi, usipoteze hata ukurasa mmoja kujitetea. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba takribani mmoja kati ya kila wanne alikuwa mweusi. Kinachonikera ni ule mfuko wa bastola unaoning'inia pajani na kufungwa kwa kamba, ambao ni ubunifu wa Hollywood. Aliyetoka jeshini angevaa mfuko wenye kifuniko, ukiwa juu kiunoni.

Mleta mada

Nashukuruni sana. Sherifu nilikuwa naye, na anaondoka leo. Swali moja limebaki: je, askari aliruhusiwa kuondoka na bastola ya jeshi?

Fundi Gobori

Aliruhusiwa kuinunua. Mwaka 1865 jeshi liliwapa wanaoondoka nafasi hiyo, na bastola iliuzwa dola 8 zilizokatwa kwenye mshahara wao. Ila mfanye awe askari wa farasi, kwa sababu askari wa miguu walibeba bunduki ndefu. Baadhi ya vikosi vya weusi, vya farasi vikiwemo, vilipelekwa Texas baada ya vita, na hapo utakuwa umepata pia jibu la wapi alijifunza kuswaga ng'ombe.

Tukio la baa liandike upya. Risasi haiwezi kumrusha mtu dirishani, kwani ingekuwa na msukumo huo, aliyefyatua naye angerushwa upande wa pili. Halafu baruti ya zamani ilitoa moshi mzito mweupe. Ndani ya chumba kilichofungwa, baada ya risasi tano au sita, wapiganaji wanasikiana tu. Adui wako aanguke pale pale aliposimama, stelingi asijue kama amempata, na dirisha livunjwe na mteja anayetafuta hewa.