Nimelipa shilingi 7,000 kusukiwa mota ambayo haikuguswa

Wakazi wenzangu wa Kisumu, mniwie radhi kwa urefu wa maelezo haya, kwa maana wizi wa aina hii hauonekani mpaka mtu aeleze jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

Nina mashine ya kukandia unga aina ya Kenwood Chef, modeli A901, iliyoundwa Uingereza, ambayo marehemu shangazi yangu, aliyekuwa mwalimu wa sayansi kimu, aliinunua mwaka 1981. Mimi nimeitumia kwa keki za harusi kwa miaka 14. Mwezi uliopita, nikiwa ninapiga siagi na sukari, ilitoa moshi wenye harufu kali, kisha ikaanza kuzunguka kwa kasi ya juu kabisa hata nilipokirudisha kitufe kwenye namba 1. Niliichomoa, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini.

Bwana huyo hakugusa hata mita yake ya kupimia. Aliinusa mashine, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, mota imeungua, lazima isukwe upya." Kusuka mota ni kuizungushia upya nyaya zake za shaba. Nilikubali kwa ujinga wangu, kwani sikujiuliza mota iliyoungua ingewezaje kukimbia kwa kasi namna ile. Moshi huo ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi zinapozeeka. Kasi yake huongozwa na saketi ndogo yenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi), rezista (kinachozuia sehemu ya umeme) na traiaki (swichi ya kielektroniki inayopimia mota umeme). Kapasita za zamani za karatasi hunyonya unyevu mwaka baada ya mwaka, ganda lake hupata nyufa, na siku moja hulipuka kwa moshi; na traiaki nayo ikiharibika, inaweza kuupitisha umeme wote kwenye mota bila kizuizi. Kapasita hizo ni za mamia ya shilingi, si maelfu.

Baada ya wiki tatu za "njoo kesho", nilikabidhiwa mashine yangu. Nilipoiwasha nyumbani iliruka moja kwa moja hadi kasi ya mwisho, na unga ukapaa mpaka kwenye mapazia. Kitufe cha kasi kilikuwa kimegeuzwa pambo.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya umeme, aliifungua mbele ya macho yangu. Saketi yote ilikuwa imeng'olewa na nyaya kuunganishwa moja kwa moja. Na ile mota "iliyosukwa"? Nyuzi zake za shaba zilikuwa bado na varnishi ya kiwandani, na katikati yake kulikuwa na vumbi la unga lililokauka na kuwa gumu kama ukoko. Nani anayesuka mota upya na kuliacha vumbi la shangazi yangu mahali pake?

Hilo la pesa ningeweza kulimeza. Lililonitia uchungu zaidi ni giaboksi, ambayo haikuwa na tatizo lolote na sikumwomba aifungue. Aliijaza grisi nyeusi ya beringi za magari, nayo ilipopata joto ikachuruzika kupitia kichwa cha mashine hadi ndani ya bakuli, juu ya rojo ya keki ya mteja. Kifaa kinachoning'inia juu ya chakula huwekewa grisi maalumu inayofaa kwa mashine za vyakula, na kwa kiasi, si kushindiliwa kama anayeziba tundu la panya. Aidha, kikorogo cha umbo la K sasa kinakwaruza bakuli, ingawa urefu wake hurekebishwa kwa kulegeza nati moja tu, kukizungusha kipini, na kuikaza tena.

Niliporudi kwake alinijibu kwamba mashine za zamani zimepitwa na wakati na kwamba nijinunulie mpya. Sikumwendea kutafuta ushauri wa ununuzi. Nilipoidai saketi aliyoing'oa, kwa kuwa mzee jirani yuko tayari kubadilisha kapasita na traiaki, alisema alidhani siihitaji.

Ninaihitaji, pamoja na shilingi zangu 7,000. Nimempa hadi Ijumaa, na risiti ninayo, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: "Kusuka mota, kazi imekamilika."